Jeevanjee Si Kiwanja Kitupu

Wanangu, hili nimelisema mara nyingi na kifua hakinipi tena sauti ya zamani, basi sogeeni. Mkipita bustani ya Jeevanjee mchana mnaona watu wamejilaza nyasini, mhubiri anatokwa jasho, mpiga picha anabembeleza wapenzi wasimame kidogo, na wale wa Bunge la Mwananchi, kikundi cha mijadala ya raia wa kawaida, wanabishania bei ya unga. Mnasema hao hawana kazi. Sawa, wengine hawana. Lakini niambieni, katikati ya Nairobi, mtu asiye na shilingi atakaa wapi bila kuulizwa anaagiza nini?

Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliutoa uwanja huu kwa wakazi wa mji mwaka 1906, zama ambazo rangi ya mtu ndiyo iliyoamua aishi wapi na amiliki nini. Sanamu ya Malkia Victoria aliyoiweka humo ilikatwa kichwa mwaka 2015. Mimi silii kwa ajili ya sanamu. Kinachoninyima usingizi ni ardhi yenyewe.

Maana mwaka 1991 nusura ituponyoke. Wakuu wa jiji walitaka kusimamisha jengo la ghorofa papo hapo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akakataa. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameipigania bustani ya Uhuru Park, akakataa naye. Chama kilikuwa bado kimoja, na kuikatalia serikali hadharani kulimgharimu mtu. Jengo lile halikujengwa.

Nyinyi mnadhani ardhi ya umma hunyakuliwa kwa kishindo. Hapana, wanangu. Nyasi huachwa zikauke. Choo hufungwa. Taa ikiungua haibadilishwi, mama na watoto wakaanza kupita kando. Kisha siku moja atatokea mtu aseme pale ni pango la wezi tu, heri pajengwe kitu cha maana, nanyi mtaitikia.

Msiitikie. Taa ikizimika, pelekeni malalamiko kwa kaunti, tena kwa maandishi, na mbaki na nakala. Katiba ya 2010 imewapa haki ya kushirikishwa. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, nendeni, hata kama vitakula mchana wenu mzima. Na mkikuta mabati yamezungushwa usiku, ulizeni kibali kiko wapi na nani kakitia sahihi, kabla lori la kwanza la saruji halijaingia.