Karata Zilizo Mkononi

Katika mabaraza ya Kariakoo, jioni maduka yakishafungwa, husikika neno moja kila zigawiwapo karata: "Huyu kapewa." Maana yake ni kuwa mchezaji fulani amepata karata zenye nguvu, na ushindi wake, ukija, si wake bali ni wa mgao. Neno hilo ni dogo, lakini limebeba swali kubwa la maadili: je, mtu hupimwa kwa alichogawiwa, au kwa alivyokitumia?

Tuanze na wahedi wa sitini, mchezo tuuchezao sisi wa visiwani na ndugu zetu wa Mrima. Ree ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3 na wa pili 2. Jumla ya zote ni 120, na mwenye kufikisha 61 ndiye mshindi. Ndipo mchezo ulipopata jina lake. Kwa hesabu hiyo mtu atadhani ree ni bora daima. Lakini turufu ikiwa pau, hata pau isiyo na pointi yoyote huila ree ya kopa. Thamani, basi, ni jambo moja. Nguvu ni jambo jingine.

Mchezo wa ishirini na moja, uchezwao katika kasino kwa fedha, hutupeleka mbele zaidi. Chukua mtu aliyeshika 16. Katika aina 13 za karata, 8 zitamvusha 21 na kumwangamiza; 5 tu zitamsalimisha. Je, aongeze au atulie? Hesabu yake peke yake haijibu. Mgawaji akionyesha 6, heri atulie, kwani mgawaji hulazimika kuongeza mpaka afike 17, na huenda akavuka mwenyewe. Akionyesha 10, wajuzi huongeza, ingawa wanajua kuwa mara nyingi watashindwa. "Subira yavuta heri" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" zote ni kweli, kila moja mahali pake. Kwa hiyo aliyeamua sawa aweza kupoteza, na aliyekosea aweza kuondoka na fedha.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Msiba wa namna hiyo huzaa mahakimu wengi. Aliyehamisha bidhaa zake juzi huitwa mwerevu. Aliyejaza stoo yake jana husemwa kuwa na tamaa. Lakini moto haukumwuliza yeyote alivyofikiri. Tunayaona matokeo, kisha tunarudi nyuma kumtungia mtu akili au ujinga.

Atasema msemaji: ikiwa yote ni bahati, basi hapana wa kulaumiwa. La. Aliyeshika 20 kisha akaongeza ni mpumbavu, hata akiangukiwa na ree ikamfikisha 21. Hukumu ya haki humtazama mtu kwa yale aliyoyajua aliponyosha mkono, si kwa yale yaliyofunuliwa baadaye.

Lakini hata hapo haki haijatimia. Katika ishirini na moja mchezaji hutangulia, mgawaji hufuata. Mchezaji akivuka, fedha zake huchukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye angevuka baadaye. Humo ndimo ilimo faida ya nyumba: si katika ubora wa karata zake, bali katika zamu. Machinga apangaye viatu kando ya Mtaa wa Msimbazi naye hutangulia: amekopa mali na kulipa nauli kabla mteja hajatokea. Kabla ya kuuliza alichezaje, tuulize ni nani aliyemlazimisha kuanza.

Barazani tunasema "kapewa" kwa kicheko, na aliyepewa hucheka nasi. Madukani hatusemi hivyo juu ya tajiri, wala hatusemi "kanyimwa" juu ya fukara. Barazani pia, mchezo ukiisha, karata hukusanywa, zikachanganywa, na mgawaji akawa mwingine. Mjini mgao hudumu, na watoto huurithi.