Kura na Ushuru

Watu wengi hupenda huduma ya serikali na huchukia ushuru unaoilipia. Siku za uchaguzi chuki hiyo hupata wakili: mgombea husimama sokoni akaahidi kupunguza ada, na umati ukashangilia. Msomaji, je, mtu huyo ni rafiki wa watu?

Tazama Keroka, mji ulioketi juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, kaunti hizi mbili zilichagua magavana wa chama kimoja, ODM: James Ongwae Kisii, na John Nyagarama Nyamira. Hata hivyo, udugu wa chama haukuzizuia kugombania mapato ya mji huo. Mwaka 2022 Kisii ilimchagua Simba Arati wa ODM, na Nyamira ilimchagua Amos Nyaribo wa UPA. Vyama vikawa viwili, lakini haja ya soko ni ile ile: taka zizolewe, choo kipate maji, na muuza ndizi akingwe mvua.

Yako mafundisho ya vyama yasemayo kwamba mwenye nacho atozwe zaidi ili asiye nacho asaidiwe. Yako mengine yasemayo kwamba mfanyabiashara apunguziwe mzigo ili biashara ikue. Yote yastahili kusikilizwa. Lakini Katiba ya 2010 hairuhusu kodi isiyo na sheria, na sheria ya ada za kaunti hupitishwa na wawakilishi wa wadi. Mwakilishi aogopaye kura huogopa hata ada ya haki. Pengo likitokea, macho huelekezwa Nairobi, ambako kaunti zote hugawana fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha itokayo mbali hupata walinzi wachache, kwa kuwa hakuna aliyeihisi ikitoka mfukoni mwake.

Haki ya kudai hesabu ni ya kila raia, hata fukara asiye na cha kutozwa. Lakini awezaye kulipa akakwepa huwatwika wenziwe mzigo wake. Na mtozaji asiyetoa hesabu ni mnyang'anyi mwenye stakabadhi.

Basi, utakapofika umri wa kupiga kura, mgombea akikuahidi kupunguza ushuru, muulize ni huduma gani itakayopungua. Akikuahidi huduma, muulize nani atakayeilipia. Asiyeweza kujibu hajastahili kura yako, hata akivaa rangi ya chama ukipendacho.