Deni la Kurudi

Nilipoanza kutembea na mbwa wangu hapa Uingereza, sikuwa nimezoea safari za miguu. Nikatafuta njia ndefu isiyo na kilima, nikaipata Wiltshire, kando ya mfereji wa Kennet and Avon, uliokamilika mwaka 1810. Zamani farasi walipita hapo wakivuta mashua. Na kwa kuwa maji hayapandi mlima, kutoka Wootton Rivers hadi Devizes mfereji uko usawa mmoja, kama kilomita 24.

Raha, siyo? Lakini kuna mtego. Mlima hukuonya mapema: pumzi ikikata, unageuka. Tambarare hainong'oni kitu, na kila hatua ya kwenda ni deni la kurudi. Siku hiyo nilihesabu kilomita nikijisifu. Mbwa akanifuata, mkia juu. Wakati wa kurudi akalala chini, akanitazama tu. Nikambeba.

Je, anayekufuata bila kuuliza amekubali? Nadhani hapana. Asiyejua umbali hawezi kuuridhia. Mzigo ni wa anayeujua. Siku hizi tunageuka mapema, yeye akiwa bado anataka kuendelea.