Je, Uhai Umetoka Nyotani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, vijana huja darasani wakatuuliza juu ya wayaonayo katika filamu: ya kuwa uhai wa dunia hii ulipandwa na viumbe wa nyota nyingine. Mwaka 1993 mchezo wa televisheni wa Star Trek ulionyesha umma wa kale uliotawanya mbegu zake katika sayari nyingi, ndiyo sababu wakaazi wake wafanana na binadamu. Filamu ya Prometheus ya mwaka 2012 ilishika njia hiyo hiyo.

Jambo hili si la wasanii peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, Svante Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi, alisema kuwa vijimbegu vya uhai husukumwa na mwanga wa nyota hata vikafika duniani. Akapingwa, kwani mionzi ya angani huviua. Mwaka 1973 Francis Crick na Leslie Orgel wakadhani labda vililetwa kwa chombo, kwa makusudi; nao wenyewe walikiri kuwa ushahidi hautoshi. Jiwe lililoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, lilikutwa na asidi amino, ambazo ndizo matofali ya protini. Lakini matofali si nyumba.

Basi na tupime. Tukikubali kuwa mbegu ilitoka nyotani, aliyeipanda naye alitoka wapi? Mtu akiulizwa asili ya mnazi, akajibu kuwa nazi yake ilitoka shamba la jirani, ametutajia njia, hakututajia asili. Na msururu huo hauna budi kukoma kwa Muumba asiyeumbwa.

Lakini twawausia pia wazazi na walimu: kijana aulizapo, musimfukuze kwa kumwambia amekufuru. Kuuliza si kukufuru, na Qur'ani yatuamrisha kutazama na kufikiri. Mwenye kunyimwa jibu msikitini ataridhika na jibu la sinema. Wala musimwambie kuwa viumbe wa mbali ni muhali, kwani uwezo wa Mola hauna mpaka. Mfundisheni kupambanua dhana na ilimu, hadithi na dalili.

Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.