Nyumba Imebaki, Mwenyewe Kaondoka

Nianze na sarufi, maana ndiyo iliyonikwamisha. Foraminifera ni viumbe wa baharini wa seli moja, wengi wao wadogo kama chembe ya mchanga, wanaojijengea ganda lenye vyumba. Wakiwa hai, Kiswahili hakina shida nao: wanaelea, wanakula, wanakufa. Lakini ganda lililolala kwenye udongo miaka milioni 34 nililiteje? "Kimepatikana" au "amepatikana"? Ngeli inanidai jibu kabla sijamaliza kitenzi. Nikiandika "a-", nimejidai kumjua kiumbe ambaye kilichobaki ni nyumba yake tu.

Na wanaoainisha foraminifera waliotoweka hawana kingine cha kushika ila nyumba hiyo. Mwili haupo, vinasaba havipo, na hakuna wa kumwona akizaliana na nani. Wanahesabu vyumba, wanaangalia mlango umekaa wapi na ukuta una vitundu vya namna gani, kisha wanatamka: hii ni spishi moja, ile ni nyingine. Hivi hapo wanagundua, au wanaamua?

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Nummulites. Hawa kwa wenzao ni majitu: bapa, mviringo, baadhi wana upana wa sarafu, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la sarafu ndogo. Mawe ya chokaa ya piramidi za Giza yamejaa hao. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika habari aliyoisikia kwamba eti ni dengu, mabaki ya chakula cha wajenzi yaliyogeuka mawe. Huo nao ni uainishaji, tena si wa kijinga. Kitu kina umbo la dengu, mahali palikuwa na vibarua wa kulishwa. Wewe ungesema nini? Mwaka 1826 Alcide d'Orbigny, Mfaransa aliyewapa foraminifera jina lao, aliwaweka katika kundi la pweza na ngisi, kwa sababu kundi hilo lina nautilasi, mwenye ganda la vyumba. Mwaka 1835 Félix Dujardin aliwachunguza walio hai, akakuta ndani hamna pweza wala nini. Ni ute tu, usio na viungo.

Turudi kwa Nummulites. Katika tabaka moja la mwamba, wataalamu wa karne ya 19 walikuwa wakikuta namna mbili pamoja: wakubwa wenye chumba cha kwanza kidogo mno, na wadogo wenye chumba cha kwanza kikubwa. Wakawapa majina mawili, kama spishi mbili. Jozi baada ya jozi. Baadaye, kwa kuwatazama jamaa zao walio hai, ikaeleweka kwamba foraminifera wengi hupokezana vizazi: kimoja hutokana na mbegu mbili kuungana, kinachofuata hutokana na mzazi mmoja kujigawa. Yule mkubwa ni mzazi, yule mdogo ni mwanawe. Yaani mama na mtoto waliandikishwa kama watu wa koo mbili, na walioandika hawakuwa wazembe. Walipima, wakachora, wakahesabu. Macho yao yaliona tofauti ambayo kweli ipo. Kisichokuwepo ni maana waliyoipa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Orbulina universa anaishi mpaka leo, ganda lake ni tufe kama goroka dogo. Kwa macho ni spishi moja. Vinasaba vimeonyesha kwamba ndani ya tufe hilo wamejificha zaidi ya mmoja. Kwa walio hai tunaweza kuuliza mara ya pili. Kwa waliotoweka, je? Ni matufe mangapi kwenye madroo yenye jina moja na wenyeji watatu?

Halafu kuna ukoo wa Turborotalia, wa zama za Eosini. Ukiwafuata tabaka hadi tabaka, ganda linabadilika polepole, linabanwa ubavuni, mwishoni linapata ukingo mkali. Majina ya spishi yamepigwa mahali fulani kwenye mteremko huo, kama anayekata muwa usio na pingili. Hapo kisu ni cha kwetu, sioni namna ya kukataa.

Kuna atakayesema: basi majina ni mazoea tu, kata unapotaka. Siafiki, na sababu yangu iko Kilwa na Lindi. Udongo wa mfinyanzi wa huko uliyafunika maganda vizuri kiasi kwamba mengine yanang'aa kama kioo, na katika miaka ya 2000 wanasayansi walichimba humo kutafuta habari za bahari ya kale. Oksijeni iliyofungwa kwenye chokaa ya ganda hubeba alama ya joto la maji. Lakini spishi moja iliishi karibu na uso wa bahari, nyingine chini kwenye baridi. Ukiwachanganya chini ya jina moja, utapata joto la bahari ambayo haikuwahi kuwepo. Na mpaka wenyewe kati ya Eosini na Oligosini, takriban miaka milioni 33.9 iliyopita, umewekwa pale Massignano nchini Italia, anapotoweka Hantkenina, mwenye mwiba kwenye kila chumba. Ukikosea nani ni Hantkenina, umeusogeza mpaka wa dunia nzima.

Kwa hiyo nasema ni uamuzi, ila ni uamuzi ambao jiwe linaweza kuukataa. Ndiyo maana nimebaki na "wa-" kila nilipoweza: jina ni dai juu ya kiumbe aliyeishi, na anayedai sharti aache ushahidi mezani. Anayetangaza spishi mpya hulazimika kutaja ganda moja mahususi litakalobeba jina hilo. Mwaka 1962 Blow na Banner walichapisha maelezo ya foraminifera wa Lindi, na maganda yao yenye majina yako kwenye makumbusho ya historia asilia, London. Inaniudhi kidogo kwamba ugomvi kuhusu wenyeji wa Lindi unakatiwa Uingereza. Lakini yapo, yamehifadhiwa, na mwenye hadubini na hoja anaweza kuomba kuyaona, akatazama weee, akasema: hapana, hawa wawili ni mmoja.