Nani Asogee?

Katika vikao vya baraza la wazee kuna swali linalorudi mara kwa mara, ingawa ni nadra kutamkwa waziwazi. Watu wawili wamekosana, wote wamefika mbele yetu, na wote wamesema yao. Sasa nani asogee? Mila zetu zina jibu la haraka: mdogo amwendee mkubwa, mke amshukie mume, mgeni awafuate wenyeji. Sheria nayo ina jibu lake: mwenye kosa ndiye aombe radhi. Majibu haya yanaweza kutufaa leo na kutuangusha kesho. La kwanza humtwisha mnyonge mzigo wote. La pili linadhani kwamba kila ugomvi una mkosaji mmoja anayeweza kuonyeshwa kwa kidole.

Naomba tulitazame swali hili kupitia kifaa ambacho wengi wetu hatukuwahi kuwa nacho nyumbani. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, familia nyingi za Marekani ziliweka sebuleni televisheni kubwa kama kabati, zilizorusha picha kutoka nyuma ya kioo. Ndani yake mlikuwa na tyubu tatu: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Kila tyubu ilichora picha nzima kwa rangi yake peke yake. Lenzi ziliikuza, kioo cha kuakisi kikaigeuza, na picha zote tatu zikaangukia mahali pamoja mbele ya mtazamaji. Zikikutana sawasawa, mstari mweupe unaonekana mweupe. Zisipokutana, mstari huo unakuwa na ukingo mwekundu upande mmoja na wa bluu upande mwingine, na uso wa mtu unakuwa kama nyuso tatu zilizopishana.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: huu si mfano wa Utatu Mtakatifu. Kila tyubu hutoa sehemu tu ya picha, na Mungu wetu hana sehemu. Baba ni Mungu kamili, Mwana ni Mungu kamili, Roho Mtakatifu ni Mungu kamili, na Mungu ni mmoja. Mfano huu unatuhusu sisi tulio viungo, ambao hakuna hata mmoja wetu aliye mwili mzima.

Jambo la kwanza ambalo fundi wa televisheni hizi hulijua ni kwamba picha zinaweza kuachana wakati hakuna tyubu yenye kosa. Funika mbili, uitazame ya tatu: iko safi. Funika nyingine, hali ni ile ile. Tatizo huonekana zinapowekwa pamoja. Nimeona hivyo katika sharika. Kwaya inataka vyombo vipya kwa sababu vya zamani vinazima katikati ya ibada. Kamati ya ujenzi inataka paa likamilike kabla ya masika. Akina mama wanataka fedha ziwasaidie wajane wa mtaa. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, utaondoka ukisema huyu amenena kweli. Wakikaa meza moja, hakuna anayemwona mwenzake vizuri. Wakati kama huo, kumtafuta mkosaji ni kupoteza muda, na mara nyingi ni kumtengeneza mkosaji ambaye hakuwepo.

Jambo la pili linagusa imani yetu kwa undani zaidi. Tyubu ya kijani hukaa katikati, nyekundu na bluu hukaa pembeni. Kwa kuwa zile za pembeni zinapiga kioo kwa mshazari, picha zao kwa asili zimepinda. Kinachozinyoosha ni umeme unaopita katika koili zilizofungwa shingoni mwa kila tyubu, ukisahihisha kila sehemu ya picha, bila kupumzika, muda wote televisheni inapowaka. Umeme huo ukikatika, kila picha inarudia upinde wake. Basi kukutana kwao hakukufanywa siku moja kiwandani kukaisha. Kunashikiliwa kila dakika. Martin Luther, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba Bwana wetu alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Alifundisha pia kwamba moyo wa mwanadamu umejikunja kuielekea nafsi yake. Kila mmoja wetu anautazama ukweli kutoka mahali alipokaa, kwa mshazari wake. Wanandoa waliopatana mwaka jana wanahitaji neema ya mwaka huu. Usharika uliosuluhishwa na askofu haukuchanjwa dhidi ya ugomvi.

Sasa turudi kwenye swali. Picha tatu zimeachana: nani asogee? Nilipata kumtazama fundi mmoja akifanya kazi hiyo. Aliiwasha televisheni akaiacha bila kuigusa karibu nusu saa, kwa kuwa ikiwa baridi picha bado zinatembea, na ukizipanga mapema utazipanga vibaya. Kisha akaleta kiooni gridi ya mistari. Akaanza na kijani peke yake. Hakuipima kwa nyekundu wala kwa bluu. Aliipima kwa uzi uliovutwa mbele ya kioo, wima na mlalo, mpaka mistari ikanyooka. Baada ya hapo hakuigusa tena. Akasogeza nyekundu juu ya kijani mpaka mistari ikawa ya njano, kisha bluu mpaka ikawa myeupe. Alianzia katikati akaenda pembeni, kidogo kidogo, kwa sababu ukisogeza nukta moja, jirani zake nao husogea.

Angalia kwamba nyekundu haikusogea ili kuifuata bluu, wala bluu haikusogea ili kuifuata nyekundu. Zingefuatana hivyo, zingeweza kukutana mahali popote, hata pale ambapo picha yote imepinda. Watu wanaweza kupatana na bado wakawa wamepotea pamoja. Paulo anapowaandikia Wafilipi kuhusu Euodia na Sintike, hasemi ni nani aliyekosa. Anamsihi kila mmoja kwa jina lake, kwa ombi lile lile, na anaitaja nia moja katika Bwana. Mahali pa kukutania si kwa Euodia wala kwa Sintike. Tena anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Kazi ya baraza la wazee imo hapo.

Lakini tujihadhari. Sisi wachungaji na wazee tunapenda kujiona kuwa tyubu ya kijani. Tuko katikati, wengine wajipange kwetu. Hapo tukumbuke ule uzi. Hata kijani ilipimwa. Kule Antiokia, Petro alikuwa mmoja wa nguzo za kanisa, na wengi walianza kumfuata alipojitenga na ndugu wa Mataifa mezani. Paulo alimpinga ana kwa ana kwa sababu mwenendo wake haukunyooka kwa kuifuata kweli ya Injili. Nafasi ya Petro haikumfanya kuwa kipimo. Nabii Amosi alioneshwa Bwana akisimama na timazi mkononi katikati ya watu wake, na ukuta haumpi fundi timazi. Kwetu uzi huo ni Kristo aliyesulubiwa, tunayemjua katika Neno. Ndiyo sababu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linasema kwamba kwa umoja wa kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na huduma ya sakramenti. Desturi za wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Rangi zibaki rangi.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema: kila mmoja asogee kidogo kuelekea kwa Kristo, tutakutana. Kwa migogoro mingi ushauri huo unatosha. Lakini kuna hali ambapo ushauri huo ni dhambi, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini.

Televisheni hizi zinapozeeka, zile aisii zinazopeleka umeme wa kunyoosha picha huungua. Hufanya kazi katika joto kali kwa miaka mingi, na mara nyingi zikiungua hufa pamoja na rezista zilizo karibu nazo. Picha ya rangi moja inapinda kama upinde. Mwenye nyumba asiyejua anachukua rimoti, anaingia sehemu ya marekebisho, anaanza kusukuma. Anaisukuma rangi iliyopinda mpaka mwisho, haifiki. Basi anazipindisha zile nzima ziifuate ile mbovu, anahifadhi, anaridhika kwa wiki moja. Ameharibu vipimo vilivyokuwa sahihi, na kilichoungua bado kimeungua.

Mke anapigwa na mumewe. Anakuja kwa mchungaji mara ya kwanza, anaambiwa avumilie. Mara ya pili anaambiwa aangalie maneno yake, huenda anamchokoza. Mara ya tatu anaitwa mbele ya wazee, wanashikana mikono, tunaomba, tunaandika katika kitabu kwamba wamepatana. Tumefanya nini? Tumempinda aliye mzima ili amfuate aliyeungua, tukaita kazi hiyo upatanisho. Yeremia aliwalaumu makuhani na manabii wa wakati wake kwa kulitibu jeraha la watu juujuu na kutangaza amani mahali pasipo na amani. Katika shauri la namna hii swali la nani asogee limekosewa tangu mwanzo. Mama huyo apate kwanza mahali salama. Asindikizwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mume asikie sheria ya Mungu kwa ukali wake wote. Msamaha hauondolewi, ila usitumiwe kuwa pazia. Zakayo alipopokelewa na Yesu alitamka papo hapo kwamba atarudisha mara nne alichonyang'anya. Mweka hazina aliyekula sadaka naye asamehewe, na arudishe.

Tutazitofautishaje hali hizi mbili? Naona kuna dalili moja ambayo haitudanganyi sana. Pale ambapo ni suala la kupangana, ukimsogeza mmoja kidogo unaona tofauti, na mwenzake naye anasogezeka. Pale palipoungua, upande mmoja unasukumwa mpaka mwisho na hauji. Kwa hiyo baraza likifungua kitabu chake likakuta kwamba miaka mitatu mfululizo ni mtu yule yule anayeombwa ashuke, lisimwombe mara ya nne. Likamtazame yule mwingine.

Je, aliyeungua atupwe? Televisheni hizi karibu zote zilitupwa. Kampuni ya Mitsubishi, iliyokuwa imebaki peke yake katika biashara ya televisheni za kurusha picha kutoka nyuma, ilitangaza kuacha mwaka 2012. Mungu hafanyi hivyo na watu wake. Lakini kifaa kilichoungua hakijiponyi, na hakiponi kwa kusifiwa wala kwa kufunikwa. Kinatolewa, na kingine kizima kutoka nje kinawekwa mahali pake. Ndivyo Ezekieli alivyotangaza ahadi ya moyo mpya: Mungu mwenyewe anautoa wa jiwe na kuweka wa nyama. Kwa mume yule hii ndiyo Injili, na hawezi kuisikia kama tunaendelea kumwambia kwamba ndoa yake ina marekebisho madogo tu.

Kabla ya Chakula cha Bwana kijacho wapo watakaokuja kwetu wakiwa wamekosana, kwa kuwa wamekumbuka agizo la Yesu la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana kwanza. Wazee wenzangu, tuwape muda watulie kabla hatujasema neno. Tumsikilize kila mmoja peke yake. Tuulize kama kuna kilichoungua, na kama kipo tusikiguse kitu kingine kwanza. Kama hakuna, tuvute uzi, tuanze na sisi wenyewe.