Mnada Una Tarehe, Uchungu Hauna

Mkulima wa Nachingwea anajua kuhesabu. Anajua salfa inapulizwa lini, mikorosho itatoa maua lini, kilo ngapi atafikisha ghala la AMCOS, chama chake cha ushirika, na mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika, utafanyika siku gani. Mwenzake wa Ruangwa ni hivyo hivyo. Ufuta anaujua, mbaazi anazijua, bei anaifuatilia kwenye simu tangu alfajiri. Sasa nakuuliza, ndugu yangu, wewe mwenye hesabu zote hizi kichwani bila daftari: mkeo anatarajia kujifungua lini?

Kama umenijibu kwa tarehe, nakupa mkono. Kama umenijibu "mwezi wa pili hivi", vuta kigoda tuongee. Mwezi wa pili huku Kusini mvua imekolea. Barabara za vijijini zinateleza, vijito vimejaa, familia nyingi zimehamia shambani kulinda mahindi dhidi ya nguruwe na ngedere. Pesa ya korosho iliyoingia kabla ya mwaka mpya imeshageuka bati, ada na madeni ya dukani. Ndipo uchungu unaanza saa nane za usiku, kwenye dungu, simu ikiwa na chaji kidogo na mfukoni mna shilingi elfu tatu.

Umbali unaua, na sisi tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, wakafikia kaya zaidi ya 200,000. Waliuliza nani amefariki na kilichomuua ni nini. Majibu yalipopangwa kwa umbali wa kutoka nyumbani hadi hospitali, ilionekana kwamba wanawake waliokaa zaidi ya kilomita 35 walikufa kwa matatizo ya uzazi yenyewe karibu mara nne kuliko waliokaa ndani ya kilomita 5. Matatizo hayo ni kama kuvuja damu, kifafa cha mimba na uchungu uliokwama. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Saa mbili, baba! Huo ndio muda unaokupotea ukitafuta bodaboda yenye mafuta, ukimwamsha shemeji akukopeshe, kisha ukisimama ukingoni mwa mto kusubiri maji yapungue.

Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Nayasema kwa sababu watu wa wilaya hizi wameshaonyesha kwamba wakiambiwa jambo la maana, wanalishika. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kulikuwa na kazi iliyoitwa Mtunze Mtoto Mchanga, iliyofanyika Ruangwa, Nachingwea na wilaya jirani. Wahudumu wa kujitolea kutoka vijiji vyenyewe walifunzwa, kisha wakaanza kupiga hodi katika nusu ya kata. Walifika mara tatu mama akiwa mjamzito na mara mbili katika siku za mwanzo baada ya kujifungua. Walizungumza na mama, na bibi, na baba kama yupo.

Kuna kitu kimoja katika kazi ile ambacho mimi sikisahau. Ilikuwa kadi yenye picha ya wayo wa mtoto. Unamlaza mtoto, unaunyoosha mguu wake taratibu, unaulinganisha na picha. Wayo ukiwa mfupi kuliko ule uliochorwa, mtoto huyo amezaliwa mdogo au kabla ya wakati, na anahitaji uangalizi wa zaidi hata kama analia vizuri. Hapo hakuna mizani wala umeme. Ni kipande cha karatasi na macho ya bibi aliyelea watoto maisha yake yote.

Mtoto mdogo namna hiyo anaweza kuuawa na baridi hata huku kwetu kwenye joto. Dawa yake ya kwanza kila nyumba inayo. Mvue nguo, abaki na nepi na kofia. Muweke wima kifuani kwa mama, katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande mmoja ili apumue. Mfunge hapo kwa kanga, usilegeze wala usibane. Kisha anzeni safari ya hospitali akiwa hapo hapo kifuani, akinyonya kila anapotaka. Na mama akiwa amechoka au anahudumiwa, baba naye ana kifua. Joto la baba linamtosha mtoto sawasawa na la mama.

Ulipofanyika upimaji mwaka 2013, kata zilizotembelewa zilikuwa zimebadilika. Watoto wengi zaidi walinyonya ndani ya saa ya kwanza. Wengi zaidi hawakuonjeshwa kitu kingine siku tatu za mwanzo. Hata kwa waliojifungulia nyumbani, usafi wa mikono ya waliowazalisha ulikuwa bora zaidi. Lakini vifo vya vichanga havikupungua kuliko kwenye kata nyingine, na ukweli huo hatuna sababu ya kuuficha. Usafi wa nyumbani na ziwa la mama vinafanya kazi kubwa, ila havimrudishii pumzi mtoto aliyezaliwa hapumui, wala havizuii damu inayomwagika. Hayo yanataka mkono wa mkunga, oksijeni, dawa ya sindano, chupa ya damu. Akina mama wamefanya sehemu yao, tena kwa bidii, na wengi siku hizi wanajifungulia kituoni. Sehemu iliyobaki ni ya nyumba nzima, ya kijiji, na ya wanaoendesha vituo.

Basi tuanze na wewe, baba. Pesa ya korosho ikiingia, kabla hujashika bati, toa ya uzazi. Iweke kwa jina lake, usiikope. Huduma ya uzazi katika vituo vya serikali kwa sera haina malipo, lakini safari, chakula na beseni, kanga na vifaa vitakavyopungua utavitafuta wewe. Ongea na dereva wa bodaboda na mwenye gari mapema, kila mmoja ajue mwezi na njia ya kwako. Kama mnakaa mbali, kule Kilimarondo au ndani kabisa ya mashamba, mrudishe mama kijijini au kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla ya siku zake. Shamba litalindwa na kaka yako. Kama ni mimba ya kwanza, au aliwahi kufanyiwa upasuaji, au ana mapacha, au presha imepanda, asisubiri zahanati. Muulize mkunga mapema ni hospitali ipi atajifungulia, na mpango wenu ufuate jibu hilo.

Kisha shika namba hii: 115. Ni ya mfumo wa m-mama, kupiga ni bure, na kazi yake ni kumsafirisha mjamzito, mzazi au kichanga aliyepata dharura. Gari la wagonjwa likiwa mbali, wanaweza kutuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipi wewe. Piga mapema. Usingoje mpaka mzee wa ukoo aamke atoe ruhusa. Ruhusa itolewe leo, mchana kweupe, mbele ya watu: kukiwa na dalili ya hatari, yeyote aliye karibu na mama apige simu na safari ianze. Dalili zenyewe ni damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni, au uchungu kuendelea kwa zaidi ya saa 12.

Na damu, wanaume wa Ruangwa na Nachingwea! Ukiwa na miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 na zaidi, na afya yako ni njema, unaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke ni kila baada ya miezi minne. Vijana wa bodaboda, timu za mpira, waumini wa msikiti na kanisa, jipangeni mwende kwa makundi. Ndoo ya maji huchotwa kabla moto haujashika paa.

Bibi zangu, nawasogelea ninyi sasa kwa heshima zote, maana mlangoni kwa mzazi ninyi ndio mnaokaa. Neno lenu lina uzito kuliko bango la wizara. Msaidieni mtoto anyonye saa ile ile ya kwanza. Maziwa yale mazito ya njano, dang'a, ndiyo chanjo yake ya mwanzo, si uchafu wa kukamuliwa na kumwagwa. Msimpe maji ya sukari wala maji ya moto yaliyopozwa, kwani tumbo lake halihitaji. Asiogeshwe siku ya kwanza, akaushwe, afunikwe, akae kifuani. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, bila mafuta, bila unga wa dawa yoyote ambayo mkunga hakuitoa.

Na mtoto akigoma kunyonya, au akipumua haraka kupita mara 60 kwa dakika, au kifua kikiingia ndani kila anapovuta pumzi, au mwili ukiwa wa moto sana au baridi, au nyayo zikigeuka njano, au kitovu kikitoa usaha, au akishikwa degedege, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Naijua imani yetu kuhusu degedege. Nakuombeni, bibi zangu, hospitali iwe ya kwanza. Kichanga hana akiba ya nguvu ya kuzungushwa nyumba tatu za waganga kwanza. Na hata akiwa mzima kabisa, arudi na mama yake kupimwa ndani ya saa 48, na siku ya saba.

Neno langu la mwisho ni kwa kijiji. Mkutano mkuu ukiitwa, msiishie bei ya korosho. Simama, uliza: zahanati yetu ina mkunga usiku? Vifaa vya kumsaidia kichanga kupumua vipo? Dawa ya kuzuia mama kuvuja damu ipo, na inatunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa? Maji yanatoka chumba cha kuzalia? Kamati ya afya ya zahanati ni yenu, wajumbe wake mnawajua kwa majina, waulizeni na waandike majibu. Mnaosimamia mizani ya AMCOS mpaka gramu ya mwisho hamshindwi kusimamia chumba kimoja cha kuzalia.

Leo jioni, kabla hujawasha taa, chukua kipande cha mkaa. Andika nyuma ya mlango tarehe ya mkeo kujifungua, jina la dereva, na chini yake, kwa tarakimu kubwa anazoweza kuzisoma hata mtoto wa darasa la pili: 115.